Uzi: Miaka kumi Guangzhou, minne ya mwanzo niliishi mitaa mitatu tu

Mchungwa Muheza

Wakuu habari za usiku, kwenu najua bado jioni, huku ni saa tano na nusu usiku, tumewatangulia masaa matano. Miaka yote humu mi msomaji tu ila leo nimeona niweke uzi maana kila wiki kuna mtu anauliza maisha ya China yakoje, na wanaojibu ni wale waliokuja siku kumi, hoteli, soko, hoteli, wakafunga mzigo wakarudi Kariakoo. Hao bei wanazijua kuliko mimi, sikatai. Maisha hawayajui.

Niko Guangzhou tangu Oktoba 2014. Nitaandika vipande vipande, nachapa kwa simu na kesho asubuhi nina mteja wa kumpeleka Foshan kwenye marumaru, kwa hiyo mkiona kimya msinitukane.

Nilikujaje. Shemeji yangu ana duka Kariakoo na alikuwa amechoka kupigwa, aliwahi kuagiza viatu kikaja katoni kizima cha mguu wa kushoto (mnacheka ila yeye alilia), akasema dogo nenda ukae huko uwe jicho langu. Mi wakati huo nanunua machungwa mashambani Muheza napakia malori, Kichina sijui hata neno, pasipoti haina hata muhuri mmoja. Nikatua kipindi cha Ebola. Wakanipima joto mara mbili, nikawaambia Tanzania haina Ebola, yule dada akatabasamu vizuri tu akanipima ya tatu.

Nikapelekwa Xiaobei. Kwa msiojua, Xiaobei ni stesheni ya metro laini namba 5, ukitoka juu unakutana na Tianxiu, jengo refu chini maduka juu ofisi za kago, nyuma huko kuna Dengfeng ambayo wenyewe wanaita kijiji ingawa iko katikati ya jiji, na ukipanda metro kwa yuan chache unaibukia Sanyuanli kwenye soko la nguo la Canaan. Hiyo ndo ilikuwa dunia yangu. Nalala Dengfeng, nakula Xiaobei, nafanya kazi Canaan. Jiji lina watu milioni 18 na ushee kwa sensa ya 2020, mimi najua mitaa mitatu, na nyumbani kila mtu anasema "fulani yuko China".

Hicho kijiji usidhani kuna migomba. Ni ghorofa sita saba zimebanana mpaka Wachina wenyewe wanaziita nyumba za kupeana mikono, yaani wewe dirishani kwako na jirani dirishani kwake mnaweza kushikana mikono. Langu liliangalia jiko la familia moja. Miaka miwili nzima najua leo wanapika nini, najua baba akirudi amelewa, najua mtoto anafeli hesabu kwa jinsi mama anavyofoka, jina la hata mmoja wao sijui. Na wao nadhani walinijua kama yule mweusi anayekaanga vitunguu saa sita usiku.

Kodi yuan 1,600, na kuingia unatoa ya miezi miwili ya dhamana pamoja na mwezi wa kuanzia. Siku ya kuhamia nikakuta mzee getini, kaptula, kandambili, rundo la funguo kiunoni, nikajua huyu mlinzi nikampa yuan 10 aniletee maji makubwa. Akaleta, na chenji akarudisha. Jioni ndo naambiwa lile ghorofa la kwake, na la pembeni, na la nyuma.

Naendelea kesho.

Kijana wa Ilala

Mkuu naweka kambi hapa. Mi nakuja Oktoba hii kwenye maonyesho ya biashara mungu akipenda. Simu za jumla zinaanzia bei gani huko?

Konteina 40ft

Hahaha hapo kwenye mzee wa kandambili nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia. Guangzhou ukimuona mtu kavaa suti anakimbia ujue kaajiriwa, mwenye mali ndo yule wa ndala anasukuma mjukuu kwenye kigari.

Mkuu hujasema ya "lengzai" au hayakukupata?

Mchungwa Muheza

@Konteina 40ft duh yamenipata sana. Kwa wasiojua, lengzai kwa lugha ya hapa ya Kikantoni ni kijana mtanashati. Wiki ya kwanza kila duka ninalopita lengzai, lengzai, njoo lengzai. Nikajipiga picha nikatuma Muheza kwamba jamani huku nimependwa. Wiki ya pili nasikia muuza supu anamwita hivyo hivyo babu mmoja hana meno hata mawili anayesukuma mkokoteni wa maboksi. Ni kama wewe Kariakoo unavyoitwa bosi na hela ya nauli huna.

Na hapo ndo shida ya lugha inaanzia wakuu. Unajifunza Kimandarini kwenye simu, bei gani, punguza, ghali sana, unajiona umeiva, ukifika kwa wazee wa mji huu wanaongea Kikantoni, na madukani Xiaobei kila mtu anakuongelesha kiingereza cha sokoni "my friend how many piece", na wewe siku nzima uko na Wakongo, Wanaijeria, Waguinea na Watanzania wenzio. Mwaka wa pili Kichina changu kilikuwa namba, rangi, saizi na neno "hamna". Nikiumwa siwezi kusema naumwa wapi. Naweza kusema naumwa XL.

@Kijana wa Ilala simu tutaongea mwishoni.

babu_kidevu

Sasa mkuu si ungeenda shule ya lugha tu? Unalalamika kitu ulichojitakia.

Mchungwa Muheza

@babu_kidevu silalamiki mzee wangu, nasimulia. Shule ada na mi natakiwa kuwa sokoni, na saa za soko huku hazina huruma, kuna masoko ya nguo kama Shahe wanaamka na giza, ukifika saa nne asubuhi wenzio wanafagia.

Haya twende kwenye karatasi. Kitu ambacho mgeni hatakiwi kukifanyia mzaha China ni kuandikisha unapolala. Ukilala hoteli wanakuandikisha wao. Ukilala nyumba ya mtu au umepanga, sheria yao iliyoanza Julai 2013 inakutaka ndani ya masaa 24 uwe umeripoti kituo cha polisi cha mtaa. Ukipuuza ni onyo na faini hadi yuan 2,000. Viza ikiisha na wewe upo ni yuan 500 kila siku hadi 10,000 au unawekwa ndani. Na kipindi kile kila ukitoka nje ya nchi ukirudi ulitakiwa uende tena, hata kama ni chumba kile kile na kitanda kile kile.

Mi mara ya kwanza nilienda siku ya tatu. Nikakuta dada wa polisi mdogo tu, ana kikombe cha maji ya moto na ua la plastiki mezani. Akachukua pasipoti akaanza kuchapa jina langu herufi moja moja kwa kidole kimoja, akifika la babu anarudi mwanzo anahesabu kwa kalamu kama yamezidi. Nikaona jasho linanishuka. Nchi gani? Nikasema Tansangniya, hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Basi mzee mmoja kwenye benchi nyuma akaruka, "Tansangniya! Tielu! Tielu!" na mkono anaufanya kama kichwa cha treni chuku chuku chuku. Mi nikajua nimeshtakiwa. Baadae ndo nikaja kuambiwa tielu ni reli, alikuwa anaitaja TAZARA, ile ya 1970 hadi 75, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na mafundi wao kibao walipandia meli hapa hapa Guangzhou kwenda Dar. Mimi mtoto wa Muheza reli niliyokulia ni ile ya Mjerumani ya Tanga, TAZARA hata kuipanda sijawahi, lakini siku ile ilinisaidia maana yule dada alicheka, onyo likawa la mdomo.

Dada wa Chumvi

Mchungwa naomba nikupinge kidogo kaka yangu, kwa heshima tu. Mi nimekaa Xiaobei 2012 mpaka 2019, nilikuwa nasuka nywele chumbani kwangu Dengfeng. Unavyoiongelea hiyo mitaa mitatu kama jela mi inanikwaza. Nilishikwa na mimba tumbo likasumbua mwezi wa tano, mume yuko safarini Yiwu, aliyenipeleka hospitali ni mama wa Kiguinea hatuelewani lugha hata moja, akakaa na mimi siku mbili, biashara yake kafunga. Aliyekuwa anatafsiri ni kijana wa Mali anaongea Kichina kama redio. Hiyo Guangzhou unayoisifia ya nje ya hiyo mitaa hao watu usingewapata.

Wanaume mnapenda kusema nilitoka, nilijichanganya. Mwanamke mgeni na mtoto mgongoni anataka pale anapoweza kugonga mlango usiku.

Konteina 40ft

Dada kaongea point. Halafu chakula jamani. Mi bila ile Xiaobei ningekufa na tambi.

Mpemba Asiyevua

Na sie waislamu ndo usiseme, nje ya hapo unatafuta halali kwa tochi. Ila ukijua ile alama ya qingzhen mlangoni umepona, kuna wale jamaa wa Gansu na Qinghai wanaovuta tambi kwa mkono, ng'ombe safi, supu safi. Mi Ijumaa zangu zote zilikuwa pale karibu na bustani ya Yuexiu kwenye kaburi wanalolinasibisha na Sayyidna Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume. Watu maelfu, wanatandika mpaka chini ya miti nje, Mhui (Mwislamu wa Kichina) kushoto kwako, Msomali kulia, Myemeni mbele. Ukitoka salaa nje kuna mishikaki na mikate ya Waiguri, Waislamu wa Xinjiang. Siku hiyo moja tu ndo nilikuwa sisikii ugeni.

Mchungwa Muheza

@Dada wa Chumvi dada nakusikia na nakubali, nisamehe kama nimeiita jela, sijasema hivyo lakini naona imetoka hivyo. Mi mwenyewe msiba wa baba nilichangiwa pale pale chini ya Tianxiu, watu hata hawanijui wananipa yuan 20, 50. Ila mi naongea la kwangu. Nilikuwa naogopa. Ile mitaa ilinipa mahali pa kujificha na nikajificha miaka minne.

Nilitoka kwa bahati mbaya tu. 2018 shemeji akabadilisha biashara, akaacha viatu akaingia vitambaa, na soko la vitambaa liko ng'ambo ya mto, Haizhu, pale Zhongda. Kwenda na kurudi kila siku na marobota ni upuuzi, nikatafuta chumba kule kijijini jirani na stesheni ya Lujiang. Cherehani masaa yote, vijana wa Hubei na wapi wapi wanashona usiku kucha, pikipiki za umeme zimebeba marobota zinakupitia sikioni. Mweusi kwenye ule uchochoro ni mimi tu.

Mwezi haujaisha ukaja upepo wa Mangkhut, Septemba ile ile. Tanga mvua za kusi nazijua, ila huku siku moja kabla jiji zima lilitangaziwa kila mtu akae ndani, hakuna kazi, hakuna biashara, madukani mikate imeisha, maji yameisha, na mi nilikuwa nimeelewa nusu ya tangazo. Nusu nyingine nikaelewa pale mama mwenye nyumba alipogonga mlango na ngazi na gundi ya karatasi, hakusalimia, akapanda akaanza kubandika dirisha langu alama ya X kubwa, mi nimeshika ngazi. Akamaliza, akafungua friji yangu. Akaangalia nyanya mbili na kitunguu. Akaifunga. Akashuka. Baada ya dakika kumi mwanae analeta tambi za kopo sita na mshumaa, na asubuhi baada ya upepo mama karudi na risiti ya zile tambi, yuan 27, nimrudishie. Nikampa. Hapo ndo nikaanza kumpenda, maana Dengfeng watu walikuwa wananipa tabasamu la sokoni, huyu alinidai kama anavyodai wengine.

babu_kidevu

😂😂 ankal, huyo mama wa risiti ni wa Moshi.

Mchungwa Muheza

Mzee umenimaliza.

Sasa matembele. Hii ndo iliyonifanya nianzishe uzi wote huu.

Chini ya daraja pale kijijini kuna soko la asubuhi, samaki wanaruka kwenye mabeseni, bata wananing'inia, na pembeni bibi mmoja mfupi ana meza ya mboga. Kila siku napita nanunua nyanya, kitunguu, tangawizi, naonyesha kwa kidole, anapima, naskani kwa simu kile kimraba chake cha malipo (QR) shingoni, naondoka. Siku moja namkuta anakata majani ncha ncha, anavunja kwa kucha, anamenya ule mrija kama uzi anautupa, anafunga kwa raba. Nikasimama. Mama yangu anavunja hivyo hivyo, na ule uzi anautupa hivyo hivyo. Nikachukua jani nikanusa. Bibi ananiangalia kama mwizi. Nikamuuliza hii nini, akasema fanshuye. Fanshu ni kiazi kitamu, ye ni jani. Wakuu hayo ni matembele. Miaka minne naletewa mchicha mkavu kwenye mabegi ya watu kutoka Dar, naunywea na maji ya nyanya kama dawa, na matembele yalikuwa yanauzwa fungu yuan 3 jiji zima, ila Xiaobei nilikuwa sinunui mboga kwa Wachina, nanunua kwa watu wa kwetu zimeshakauka.

Nikachukua mafungu manne. Yeye akanionyesha kwa mikono, kitunguu saumu, mafuta moto, geuza geuza, toa. Nikamwambia hapana, nazi. Akakataa kwa kichwa. Nikaenda kutafuta nazi, zipo, ila mbuzi ya kukunia haipo nchi nzima nadhani, nikakwangua kwa kijiko mpaka kidole gumba kikapasuka, nikasaga kwenye blenda nikachuja kwa soksi mpya (MPYA, msianze). Nikapika. Kesho yake nikampelekea kwenye kibakuli. Akaonja, akanyamaza, akasema tian. Tamu kama sukari, na si kwa kusifia, kwa kushangaa nani anaweka nazi kwenye mboga. Akampa mumewe. Mumewe akamaliza bakuli lote kimya kimya na akarudisha kijiko.

Toka siku hiyo ananiachia ncha changa. Na bei akapandisha, yuan 4.

Dada wa Chumvi

Haya hapa nimekuelewa kaka. Soksi lakini 🙄

Kijana wa Ilala

Mkuu hayo matembele sawa ila simu bado hujasema.

Mchungwa Muheza

Dogo tulia.

Hao wazee wawili wakaja kunialika chai ya asubuhi, ile wanaita yamcha. Jumapili, ukumbi mkubwa kama wa harusi, wazee watupu, magazeti, kelele, vigari vya vikapu vya mvuke. Tukakaa, bibi akamimina chai kwenye kikombe changu, mi kijana mwenye adabu nikachukua kwa mikono miwili nikanywa yote. Meza ikanyamaza. Kumbe chai ya kwanza ni ya kuoshea vyombo! Wote wanaisuuza mle vikombe, vijiti, visahani, halafu wanamwaga kwenye bakuli kubwa, na mi nimekunywa maji ya kuoshea. Mzee alicheka mpaka akatoa meno akayaweka kando. Halafu wakanifundisha ukimiminiwa chai husemi asante, unagonga meza kwa vidole viwili, tap tap, maongezi yanaendelea. Miguu ya kuku nilikula, sitaki maswali.

Ila maji ya moto yameniingia kabisa. Nikirudi Tanga nikiomba maji ya moto kunywa mchana jua kali shangazi anajua naumwa. Na ile dawa yao ya mitishamba, kuna vibanda kila kona, moja inaitwa ladha ishirini na nne, nyeusi tii, chungu kama dhambi. Ukila vya kukaanga ukatoka chunusi, ukila matunda ya lychee mengi mwezi wa sita, wanakuambia mwili umepanda moto nenda kanywe ishirini na nne. Nikamwambia mzee kwetu tuna mti unaitwa kwa arobaini. Alikaa kimya anapiga hesabu.

Na usije Machi bila nguo za akiba. Kuna wiki ukuta unatoa jasho, sakafu inalowa yenyewe, nguo zinakaa kambani siku tano zinatoka zinanuka, sisi wa pwani tunajisifu joto la unyevu ila hili ni shule nyingine. Januari baridi na nyumba hazina joto, unavaa koti ndani kuliko nje.

Konteina 40ft

Mkuu 2020 unairuka au?

Mchungwa Muheza

Siiruki, nilikuwa najivuta.

Aprili 2020, kipindi cha corona. Mi sijatoka China tangu mwaka juzi yake, sijatoka hata nje ya Haizhu tangu Januari. Wakaja watu wanne mavazi meupe, wanapima weusi, na baada ya kupima wakasema siku 14 ndani, wakabandika kifaa mlangoni, ukifungua tu kinatoa taarifa. Jirani yangu wa mlango wa pili Mchina aliyekuwa Hubei, ugonjwa ulikoanza kuonekana, wakati wa sikukuu alikuwa anashuka na kupanda. Wenzangu Xiaobei na Sanyuanli ndo waliona moto kabisa, wenye nyumba wanawatoa usiku, hoteli zinawakataa, watu na mabegi yao barabarani. Mabalozi wa Afrika kule Beijing mpaka wakaandika barua. Mi sikutolewa. Mama wa risiti alisimama chini akabishana na watu wa mtaa kwa Kikantoni karibu saa nzima, na mpaka leo sijui alikuwa ananitetea mimi au kodi yake.

Nilipofunguliwa nikaenda kwa bibi wa mboga. Aliniona toka mbali. Akachukua matembele akayaweka chini kwenye sakafu mbele ya meza, akarudi nyuma hatua tatu, akaonyesha kile kimraba. Nikaokota, nikaskani, nikaondoka. Ikaenda hivyo kama miezi miwili. Halafu siku moja akanipa mkononi kama zamani, na raba, na tangawizi ya bure, na hajawahi kuliongelea, na mi sijawahi kumuuliza. Kila nikinunua kwake huwa nakumbuka na huwa nanunua.

Dada wa Chumvi

Mi niliondoka 2019 mwishoni, nilikuwa naona video tu nalia. Yule kijana wa Mali niliyemtaja alikuwa anazunguka usiku na mfuko wa mikate anawatafuta watu waliolala nje. Nilitaka hilo liandikwe hapa.

Mchungwa Muheza

Limeandikwa dada. Nadhani namjua huyo. Kama ni yeye alinipigia siku ya tisa kuniuliza nina chakula, na namba yangu sijui aliitoa wapi.

Mpemba Asiyevua

Xiaobei siku hizi ukipita nusu ya maduka mengine watu wengine. Wengi wetu hatukurudi.

babu_kidevu

Kijana nimekusoma mwanzo mwisho. Swali moja, utarudi?

Mchungwa Muheza

Mzee wangu, mwaka jana nilikuja Muheza wiki sita. Wiki ya nne nimekaa barazani, shangazi akanimiminia chai, nikagonga meza kwa vidole viwili. Akaniuliza unamwita nani.

@Kijana wa Ilala haya dogo, simu. Mpya za jumla watu wanaenda Shenzhen, Huaqiangbei, ila kwa mtaji wako wa kwanza anza na Dashatou hapa hapa Guangzhou, zilizotumika, nitakupeleka mwenyewe, usilipe hela yoyote kwa mtu kabla hujaiwasha simu kwa mkono wako. Ukitua usiende kulala kwa mshkaji bila kuandikishwa. Akaunti yako ya WeChat (ya kuchati na kulipia) tengeneza ukiwa bado Dar uje unamalizia huku. Na niletee sembe kilo tano, ya huku ni ya njano. Matembele usihangaike.